Doa kwenye Paji la Uso wa Mama

Mama watoto ndiye aliyeliona kwanza. Filamu ilikuwa imening'inia ndani ya chandarua chetu, juu imebanwa kwa kibanio cha nguo, chini imefungiwa kijiko cha chai ili isijikunje. Aliinua pindo la chandarua, akaingiza kichwa na bega moja, akaishika filamu ukingoni kwa ncha za vidole kama nilivyomwonyesha, akaielekeza dirishani. Akanyamaza. Nilikuwa mlangoni na beseni mkononi, na ukimya ule ulinifikia kabla ya neno lolote. Kisha akasema, "Baba watoto, njoo uone uso wa mama."

Nikaenda. Kwenye negativi dunia imegeuzwa: mtandio mweupe wa mama mkwe wangu ulikuwa mweusi kama lami, na uso wake mweusi ulikuwa mwangavu kama kioo. Mjukuu wake wa mwisho alikuwa mapajani, mdomo wazi, anacheka. Hiyo ilikuwa picha ya kumi na moja, ile ambayo tulijua palepale tulipoipiga kwamba ndiyo yenyewe. Na katikati ya paji la uso lilikaa duara la kijivu, dogo kama punje ya mtama, lenye ukingo mwembamba uliokoza kidogo. Chini yake yalifuata mengine matatu, yamejipanga kushuka shavuni kama njia ya machozi. Picha za jirani nazo zilikuwa na yake: alama nyeusi zilizopinda kama hilali, na mahali pengine vitone vitupu kabisa, vya mviringo safi, kama filamu imetobolewa kwa sindano.

Ili mtu aelewe kwa nini doa la punje ya mtama lilitunyima usingizi wiki nzima, lazima nirudi hadi Aprili 2020. Mwezi ule mto Rusizi ulifura ukaingia Gatumba, kwetu Burundi, karibu na mpaka wa Kongo. Wakati ule tulikaa upande wa chini, na maji yalitukuta usiku. Tulitoka na watoto, magodoro mawili na mfuko wa vyeti. Albamu ilibaki kwenye rafu ya chini ya kabati. Tulipoirudia ilikuwa imegeuka tofali. Picha za karatasi zina utando wa jelatini, nayo hutolewa kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe, kama gundi ya zamani ya mafundi seremala. Ikilowa inavimba, ikikauka inashika. Tulijaribu kuzibandua moja moja. Sura ya mtu ikawa inabaki mgongoni mwa picha iliyomlalia. Humo ndimo ilimokuwa picha pekee ya marehemu baba mkwe, aliyopigwa Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiwa kijana, kasimama kando ya baiskeli na mkono mmoja kwenye kiti chake. Mama mkwe alituachia tuitunze, kwa sababu nyumba yake mwenyewe ilikuwa inavuja.

Hakutulaumu hata siku moja. Lakini alipovuka mpaka kuja kumwona mjukuu mpya, kwenye makazi yetu haya ya sasa yaliyoinuka kidogo, watoto walimzunguka na simu wampige picha, akainua kiganja. "Hizo za simu zinakufa pamoja na simu," alisema. "Baba, wewe una ile kamera ya mzee wako. Nipige nyeusi na nyeupe, kama ile ya babu yao."

Mama mkwe akikuita "baba" na kukuomba jambo, huna tena nafasi ya kufikiri. Kamera nilikuwa nayo, nimerithi kwa baba yangu. Filamu tatu za Tri-X alikuwa ameniletea mdogo wangu anayeishi Brussels, pamoja na pakiti za fiksa, dawa ya kuifanya picha idumu. Tri-X imekuwapo kwa ajili ya kamera hizi ndogo tangu 1954, na inasamehe makosa mengi ya mpiga picha. Kilichokosekana ni dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha kwenye filamu. Kwa hiyo jikoni pakaingizwa katika habari hii.

Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1995, katika taasisi ya teknolojia ya Rochester huko Marekani, mwalimu wa kemia ya picha, Scott Williams, na wanafunzi wake walitafuta namna ya kusafisha filamu kwa vitu vya nyumbani, wakafika kwenye kahawa. Kinachofanya kazi humo si kafeini. Ni asidi zilizomo kwenye kahawa, ambazo zikiwekwa kwenye maji yenye magadi hupata nguvu ya kugeuza chumvi ya fedha iliyopigwa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Baadaye watu wengine waliongeza vitamini C. Kipimo kinachojulikana sana kwa lita moja ya maji ni gramu 54 za soda ya kufulia, gramu 16 za vitamini C na gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka, kwa dakika 15 kwenye nyuzi 20. Kahawa yetu ya Kayanza na Ngozi ni arabika, nzuri mno kuimwagia filamu. Kazi hii inataka kahawa rahisi ya kuyeyuka. Nikachukua ya kopo itokayo Bukoba, nchi ya robusta. Soda ya kufulia safi sikuipata, basi nikaoka baking soda kwenye sufuria kavu juu ya mbabura, jiko letu la mkaa, hadi ikaacha kufuka. Moto unaifukuza hewa na maji yaliyomo, inabaki soda kali zaidi, nyeupe, isiyong'aa. Vitamini C ilitoka kwenye duka la dawa. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda akatazama yote hayo kwa makini, kama anatazama mtu akipika pilau kwa mara ya kwanza, akaniuliza swali moja tu: "Na maji utatumia yapi?"

Nilijibu, "Ya bomba, mama." Wiki nzima ilipita kabla sijakumbuka kwamba aliniuliza.

Asubuhi ile ya madoa nilitafuta mtu wa kumlaumu, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililifanya ndani ya nyumba yangu. Nilianza na kijana wetu wa pili, mwenye miaka tisa. Zile hilali nyeusi zilikuwa na umbo la kucha. Nikasema ameigusa filamu ikiwa mbichi. Akakana. Nikamwambia aweke kidole gumba kando ya alama tupime. Akaweka, kikalingana, akaanza kulia. Kisha nikamgeukia mama watoto kuhusu vile vitone vitupu, nikidai beseni lilikuwa na mabaki ya sabuni ya kufulia. Hakujibu. Alichukua beseni, akalisugua mbele yangu kwa mchanga na maji, akalipindua juani, akaenda kuwaandalia watoto chai. Mchana ule wote tulisemeshana kwa kupitia watoto.

Jioni nilipanda basi kwenda Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Huko kuna mzee aliyekuwa na studio enzi ambazo kila harusi ilisafishwa usiku uleule kwenye chumba cha giza nyuma ya duka. Nilimkuta barazani, baada ya magharibi. Alivaa miwani, akaitandaza filamu mbele ya taa, akaitazama kama fundi cherehani anavyotazama mshono wa mwenzake, kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaanza kumwambia nani kagusa na nani kaosha beseni. Akanikatiza.

"Kijana, doa lina kwao. Usiulize nani. Uliza wapi."

Akanionyesha. Kwanza alitazama pembeni, kwenye ule ukanda wenye matundu na namba ndogo za kiwandani. Alama ikiishia kwenye mpaka wa picha, ilizaliwa ndani ya kamera, mahali ambapo mwanga hupenya kupitia dirisha la picha peke yake. Ikivuka mpaka ule ikaenda kwenye matundu, ilizaliwa kabla au baada ya kamera: kwenye kopo la filamu, gizani wakati wa kuvingirisha, kwenye tangi la dawa, au wakati wa kukauka. Hilali zangu zilivuka. Halafu akailaza filamu ubapa usawa wa jicho, taa ikawa inateleza juu yake. Upande mmoja unang'aa; ni plastiki tupu. Upande wa pili umefifia. Huo ndio upande wa dawa, ndiko picha iliko. Kwenye hilali, plastiki yenyewe ilikuwa na kikunjo kidogo unachoweza kukihisi kwa ncha ya ulimi, na kweli alikihisi kwa ncha ya ulimi, mahali pasipo na picha.

"Hii ni kucha," akasema, "lakini ni yako wewe."

Filamu iliyokwisha kupigwa picha, kabla haijaingia dawani, ikikunjwa ghafla, ubano peke yake unaiathiri kama vile imeona mwanga. Mahali pale panatoka peusi, pamepinda kama ukingo wa kidole gumba. Nilivingirisha filamu kwenye rili, kile kigurudumu kinachoishika ndani ya tangi, usiku, umeme umekatika, bafuni, nimejifunika blanketi mbili juu ya mikono. Gatumba usiku wa Agosti haina baridi. Jasho lilinitoka hadi vidoleni, rili ya plastiki ikapata unyevu, filamu ikagoma kuingia, nami nikaisukuma. Niliisukuma mara nne. Hilali zilikuwa nne.

Nilirudi Gatumba na basi la mwisho, malori ya kwenda Uvira yakitupita kwenye barabara ile moja. Kijana wetu alikuwa amelala. Nilimwamsha, nikamwomba msamaha, nikamweleza yale ya mzee neno kwa neno. Akauliza kama sasa anaweza kufundishwa. Tangu siku ile, yeye ndiye anayevingirisha filamu hapa kwetu. Alijizoeza kwa ile iliyoharibika, kwanza macho wazi, halafu macho yamefumbwa, halafu mikono chini ya blanketi. Tunakata pembe mbili za kichwa cha filamu ziwe mviringo zisijikwae, rili inakaa juani mpaka ikauke kabisa, na kazi inafanyika saa kumi na moja alfajiri, mikono ikiwa mikavu. Vidole vya mtoto ni vyepesi, haviijui pupa.

Vile vitone vitupu mzee alivimaliza kwa sentensi moja: hewa. Dawa inapomiminwa, viputo vidogo hukaa juu ya filamu, na chini ya kiputo dawa haifiki. Pale panabaki pasipo fedha, na kwenye picha kamili panatoka kitone cheusi. Dawa ya kahawa inatoa povu kama sufuria ya maziwa, kwa hiyo viputo ni vingi. Dawa ikishaingia, tangi ligongwe chini kwa nguvu mara tatu au nne, halafu tena kila baada ya kutikiswa. Beseni la mama watoto halikuhusika hata kidogo. Hilo nalo lilihitaji kusemwa kwa sauti, mbele ya mama yake, nami nikalisema.

Yakabaki yale maduara ya kijivu. Mzee aliyatazama kwa muda mrefu, akanipa kazi ya nyumbani: "Ilowanishe. Kama yanapotea ikiwa imelowa na kurudi ikikauka, hayo si ya picha. Ni ya maji."

Nililowanisha kichwa cha filamu kwanza, ile sehemu isiyo na picha, kwa kuwa nayo ilikuwa na maduara. Yakapotea. Nikaining'iniza. Baada ya saa moja yakarudi, yaleyale, mahali palepale. Na hapo nikaona jambo ambalo lingenionyesha njia tangu mwanzo. Mama mkwe nilimpiga kamera ikiwa imesimamishwa, kwa hiyo filamu iliponing'inia, uso wake ulikuwa wima sambamba na mteremko. Yale "machozi" yalifuata njia ambayo matone yalishukia. Maji yalitiririka, yakasita, yakakauka, yakaacha yalichokuwa yamebeba.

Na maji yetu yamebeba mengi. Bomba la Bujumbura linachota Tanganyika. Ziwa hili lina kina kinachofikia mita 1,470, na mito inayoliingia ni mingi, lakini mto wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, mbali kule upande wa Kongo. Sehemu kubwa ya maji yake haiondoki kwa mto wowote. Inaondoka na jua. Nalo jua huchukua maji matupu, chumvi linaiacha. Rusizi yetu hii, ambayo ukisimama Gatumba unasikia viboko wake usiku, inashusha maji ya Ziwa Kivu yaliyopita kwenye nchi ya volkano, nayo yana chumvi tele, magnesi zaidi kuliko chokaa. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipiga makasia kutoka Ujiji hadi kwenye mdomo wa mto huu kutafuta jibu la swali moja: Rusizi inatoka ziwani kwenda Nili, au inaingia? Walikuta inaingia. Wavuvi wa hapa wangewaambia bila ya safari. Lakini kila nikikumbuka habari hiyo ninawaza hivi: kwa kuwa inaingia, na kwa kuwa ziwa lina pa kumwagia padogo tu, ndiyo maana tone moja lililokauka kwenye filamu yangu linaacha duara.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Soda ya kufulia ikikutana na maji ya namna hii, inayagandisha yale madini yawe unga mweupe. Niliuona wakati wa kuchanganya dawa, mawingu membamba chini ya mtungi, nikadhani soda haijayeyuka. Unga ule uliingia kwenye tangi pamoja na dawa. Kwa hiyo ziwa liliigusa filamu mara mbili, mwanzo na mwisho.

Jioni tulipoyafahamu haya, sote tuko barazani, mama mkwe akasema polepole, bila kumwelekea mtu: "Maji yalichukua ile ya kwanza. Sasa yanaandika juu ya hii."

Mama watoto aliinuka akaingia ndani. Nilidhani analia. Alikuwa anatafuta birika.

Birika letu la aluminiamu, ndani, lina magamba meupe, magumu, kama ganda la yai. Kila nyumba ya huku inalo la namna hiyo. Mama mkwe alikuwa na kawaida ya kulisafisha kila anapotutembelea, kwa siki nyeupe. Mama watoto alimimina siki kidogo ndani, akaniita nisogeze sikio. Magamba yalikuwa yanachemka bila moto, sauti nyembamba kama ya soda iliyofunguliwa. Baada ya robo saa akapitisha kidole: aluminiamu imetoka, laini. Akaniambia, "Kama ni maji yaleyale, ni magamba yaleyale."

Sikulala. Lakini mzee wa Buyenzi alinikataza kubadili mambo mawili kwa mara moja, na kuigusa picha ya kumi na moja kabla ya kujaribu kwingine. Kikombe kimoja cha siki kwa vikombe viwili vya maji. Kipande cha kichwa cha filamu ndani, dakika mbili. Maduara ya upande unaong'aa yalikwenda yote. Ya upande wa dawa yalipungua. Ila baada ya siki lazima filamu isuuzwe, na nikiisuuza kwa maji ya bomba na kuianika, maduara mapya yanakaa juu ya ya zamani. Tulihitaji maji yasiyo na kitu ndani yake, Agosti, wakati Gatumba vumbi limepaka hata majani ya migomba.

Shemeji yangu ni fundi wa magari. Aliposikia alicheka kwa furaha ya mtu mwenye jibu, na kesho yake akaleta chupa mbili za maji ya betri. Maji yaliyotoneshwa ya kuongezea kwenye betri kweli hayana madini, ni sawa kabisa kwa kazi hii. Lakini huku kwetu jina ni moja kwa vitu viwili, na chupa zilikuwa zimetumika mara nyingi, karatasi zake zimebanduka. Mama watoto alidondosha tone la kila chupa kwenye kitambaa cha vyombo, akakianika. Tone la chupa ya kwanza lilikauka likapotea. La pili lilibaki na unyevu wake mpaka jioni, na tulipokivuta kitambaa pakafunguka tundu lenye ukingo wa hudhurungi. Ilikuwa asidi. Shemeji alikaa chini. Chupa ile aliibeba mwenyewe kuirudisha gereji, ameishika mbali na mwili, watoto wote wameingizwa ndani. Na ile ya kwanza hatukuitumia pia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuimimina juu ya uso wa mama.

Basi tukangoja mvua. Filamu ilikaa imekatwa vipande vya picha sita sita kwenye bahasha, ndani ya Kurani kubwa ya rafu ya juu, mahali ambapo hapa kwetu vitu hukaa bila kuguswa. Mama mkwe aliahirisha kurudi Uvira mara mbili.

Ilikuja katikati ya Septemba, usiku, ghafla, na upepo wa ziwa. Mvua ya kwanza tuliiacha ioshe bati na hewa. Ya pili, siku tatu baadaye, tuliikinga kwa shuka safi iliyofungwa pembe nne uani, jiwe dogo katikati, ndoo chini yake, haikugusa bati. Mama mkwe alichemsha kidogo kwenye sufuria pana hadi ikakauka kabisa, akatazama chini ya sufuria, akapitisha kidole. Hapakuwa na kitu.

Kijana alisimama karibu yangu na saa. Siki, dakika mbili. Maji ya mvua, nikaizungusha mara tano, nikamwaga; mapya, mara kumi, nikamwaga; mapya, mara ishirini. Ni namna ya kusuuza kwa maji machache, nayo inafaa nyumba ambayo maji hubebwa kwa madumu. La mwisho niliongeza tone moja la sabuni ya vyombo kwenye lita nzima, maji yateleze badala ya kujikusanya matone. Sikupangusa kwa vidole. Chembe moja ya mchanga wa Gatumba kati ya vidole viwili ni mstari mrefu kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho. Nikaining'iniza ndani ya chandarua kwa mshazari, maji yakimbilie kwenye kona moja, mlango umefungwa, sakafu imenyunyizwa maji kidogo kulaza vumbi. Mimi na mama watoto tulilala sebuleni kwenye mkeka.

Asubuhi shavu lilikuwa safi. Maduara matatu yameondoka kama hayakuwahi kuwapo. Lile la kwenye paji la uso lilibaki, si lote. Magamba yametoka, ukingo mwembamba umebaki. Lilikuwa upande wa dawa. Tone lile lilikaa pale wakati jelatini yote ya kando yake imekwisha kukauka na kujikaza. Chini yake ikabaki imevimba, ikakauka mwisho, ikavuta na kuisogeza ile fedha inayofanya picha. Hilo halifutiki kwa siki wala kwa mvua. Nililowanisha mara mbili zaidi kwa matumaini, na mara ya tatu mama watoto akaniwekea mkono begani.

Tulichapisha kwenye karatasi kupitia duka la picha mjini. Nilimpa mama mkwe kwa mikono miwili. Alikwenda nayo mlangoni penye mwanga. Akamtazama mjukuu kwanza, akacheka vile anavyocheka mtoto mwenyewe. Kisha akalileta jicho karibu na paji lake la uso.

"Hiki ni nini?"

"Ni tone, mama. Limekataa kutoka."

"La mto au la ziwa?"

"La ziwa."

Akatikisa kichwa taratibu, akaifunika picha kwa leso, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya mkoba, katikati ya nguo. Nikamwambia filamu ziko mbili bado, naweza kumpiga nyingine isiyo na kitu. Alikwisha kuvaa viatu. "Zipigie watoto," alisema. "Na negativi usiziweke rafu ya chini." Tulimsindikiza hadi mpakani, tukamwangalia akipanda teksi ya Kavimvira, mkoba mapajani.

Usiku ule kulinyesha tena. Niliamka nikakuta upande wa pili wa mkeka mtupu na mlango wa nyuma uko wazi. Mama watoto alikuwa uani, kitenge kimelowa hadi magotini, anafunga pembe ya nne ya shuka kwenye mwembe, na kijana ameshika ndoo chini ya jiwe.